Sera ya faragha huanzia kwenye daftari la oda

Anayeuza iliki, mdalasini na pilipili manga za milima ya Amani kwa WhatsApp, akiwa kwenye chumba kimoja Ngamiani, mjini Tanga, anaweza kuwa ameshika majina, namba za simu na mitaa ya wateja mia saba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, inamwita mkusanyaji wa taarifa binafsi, na benki nayo inaiita hivyo hivyo. Sheria ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayoisimamia, ilizinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili 2024. Kabla ya hapo tayari kulikuwa na Ibara ya 16 ya Katiba, inayompa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, maskani yake na mawasiliano yake.

Muuzaji huyu akiambiwa anahitaji sera ya faragha, yaani maelezo ya maandishi ya anachokusanya kwa wateja na anavyokitumia, jambo la kwanza linalomjia ni kutafuta ya duka jingine, kuinakili, kubadilisha jina na kuibandika. Ndivyo duka la Tanga linavyojikuta na sera inayotaja sheria za California, barua pepe ya mtu asiyejulikana, na sentensi isemayo "hatutoi taarifa zako kwa mtu mwingine yeyote". Wakati huo huo, kila jioni jina na namba ya mteja vinaandikwa kwa maka peni juu ya boksi na kupandishwa basi pale stendi ya Kange.

Sera kama hiyo ni heri isingekuwepo. Ni ahadi ya maandishi inayovunjwa kila siku, na mteja akiwa na malalamiko ataipeleka kama ilivyo.

Wahenga waliposema mali bila daftari hupotea bila habari, walikuwa na bidhaa na fedha akilini. Taarifa za wateja nazo zina daftari lake, na kazi ni kuliandika kabla ya kuandika sera. Chukua karatasi, chagua oda moja ya wiki iliyopita, uifuate kuanzia mteja alipouliza bei hadi mzigo ulipomfikia. Kila kituo jibu maswali manne: nimepokea nini, kwa ajili ya nini, nani mwingine amekiona, na sasa hivi kipo wapi. Swali la nne ndilo linalowaumbua wengi.

Tuifuate oda ya kilo mbili za viungo kwenda Dodoma.

Inaanzia Instagram. Mteja anauliza bei chini ya picha, duka linajibu "tuma namba tukupigie", naye anaiandika palepale, mbele ya kila mpita njia. Matapeli wa mtandaoni huzikusanya namba hizo kwa sababu zinakuja na habari ya ziada: huyu anasubiri mzigo wa viungo kutoka Tanga. Kesho yake anapigiwa na "dereva" kwamba mzigo umefika, atume elfu tano ya kuutolea. Dawa yake ni ndogo. Jibu kwa kiungo cha wa.me chenye namba ya duka, mteja akibofya anaingia WhatsApp moja kwa moja. Aliyekwisha kuandika namba yake, futa maoni hayo kisha umwandikie faragha.

Kwenye WhatsApp anatuma jina, mji, na mara nyingine alama ya ramani ya nyumbani kwake. Kwa mzigo wa basi alama hiyo haihitajiki kabisa, maana atauchukua stendi. Kwa mteja wa Raskazone au Makorora anayepelekewa na bodaboda inahitajika kwa saa moja tu. Ikishatumika, ifute kwenye simu yako na umtake dereva afute kwake. Sheria inataka ukusanye kinachotosha kusudi lako na usivuke hapo, na alama ya nyumba ya mtu iliyokaa miezi minane kwenye simu ya dereva aliyekwisha kuacha kazi imevuka mbali sana.

Halafu malipo. Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Desturi ya maduka ya mtandaoni ni kudai picha ya skrini ya ujumbe wa malipo. Ujumbe wa pesa za simu, mara nyingi, unaonyesha pia salio lililobaki la mteja. Yaani kwa mauzo ya elfu ishirini na nne umejua mtu ana shilingi ngapi kwenye simu, na picha imeingia kwenye hifadhi ya picha za simu yako, ikanakiliwa mtandaoni, ikabaki huko. Sheria yetu inahesabu miamala ya fedha ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti, pamoja na afya, dini, alama za vidole na taarifa za watoto, na taarifa nyeti zinataka ridhaa ya maandishi. Wewe unachohitaji ni kujua kama pesa imeingia. Ujumbe unao kwako, kwenye simu ya lipa namba. Mwombe mteja namba ya kumbukumbu ya muamala, ulinganishe, basi.

Kibaya zaidi ni kuziweka picha hizo statasi kama ushahidi kwamba wateja wanalipa na kuridhika. Jina lipo, namba ipo, salio lipo. Ukitaka sifa za wateja, mwombe mmoja mmoja kwa maandishi, mwonyeshe picha yenyewe utakayoweka, funika namba, na akisema iondolewe iondoe siku hiyohiyo. Huko Kenya, mwezi Septemba 2023, mgahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa faini ya shilingi za Kenya 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa picha za wanafunzi wadogo. Ni sheria ya jirani, lakini wauzaji wa nguo za watoto hapa kwetu wanaopiga picha watoto wa wateja wanafanya jambo lilelile. Pata ridhaa ya mzazi kwa maandishi au piga picha nguo ikiwa kwenye hanga.

Oda ikilipwa inaingia kwenye daftari, na siku hizi daftari ni jedwali la Google. Lifungue sasa hivi, bonyeza sehemu ya kushirikisha, usome kilichoandikwa. Ikiwa panasema yeyote mwenye kiungo anaweza kuliona, maana yake kila uliyewahi kumtumia kiungo, na kila aliyetumiwa na huyo, anawaona wateja wako wote. Kiungo husambazwa kwenye kundi la wafanyakazi wa duka, kundi hilo lina watu walioondoka kazini, na hakuna anayekumbuka kukifunga. Weka barua pepe za wanaolihitaji tu, na anayepanga mizigo apewe ruhusa ya kusoma bila kuhariri.

Kwenye boksi la basi, jina la kwanza na namba ya simu vinatosha. Usiandike kilichomo, wala mtaa. Risiti ya mzigo ipigwe picha na kutumwa kwa mwenye mzigo peke yake, kwa sababu anayeijua namba ya risiti na jina anaweza kufika stendi kabla yake.

Mwisho wa safari, ambao si mwisho, mteja anaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la "wateja wetu". Hakuulizwa. Namba yake sasa inaonekana na watu mia mbili, akiwemo yule aliyeingia kuchuma namba tu. Tumia orodha ya matangazo, ambayo hufika kwa watu hadi 256 na hakuna anayemwona mwenzake. Wengi huiacha kwa kuwa ujumbe wake haumfikii ambaye hajahifadhi namba ya duka. Huo mimi nauona ni wema wake: asiyehifadhi namba yako bado hajakwambia anataka matangazo. Chaneli ya WhatsApp nayo haiwaonyeshi wafuasi namba za wenzao.

Ukimaliza, karatasi yako ina vituo vinane au tisa. Sasa sera inajiandika. Iandike kwa Kiswahili, maana ndicho mteja wako anachosoma. Mteja aambiwe kabla ya kukusanya: nani anakusanya, anakusanya nini, kwa kusudi gani, na nani atapewa. Kwa duka letu la viungo inaweza kusomeka hivi:

"Ukiagiza, tunapokea jina lako, namba ya simu na mji unakopelekewa mzigo, na ramani ya nyumbani kwako ukipelekewa na bodaboda. Tunavitumia kukufikishia oda na kukujibu ikitokea shida. Kampuni ya basi inapewa jina lako la kwanza na namba ya simu, haipewi zaidi; dereva wa bodaboda anapewa hivyo pamoja na ramani hiyo. Mazungumzo yetu yako WhatsApp na orodha ya oda iko kwenye Google, kwa hiyo taarifa hizi huhifadhiwa pia kwenye seva zilizo nje ya Tanzania. Kumbukumbu za mauzo tunazitunza miaka 5 kwa ajili ya kodi. Ramani ya nyumbani kwako tunaifuta mzigo ukishafika. Matangazo tunakutumia ukiwa umeyaomba, na ukiandika ACHA tunasimamisha. Unaweza kutuomba uone tulichonacho juu yako, tukirekebishe au tukifute. Usiporidhika na jibu letu, una haki ya kulalamika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi."

Chini yake weka jina la biashara, namba ya simu inayopokelewa, na tarehe ya sera. Hayo yanaenea kwenye skrini mbili za simu. Kiungo chake kiwe kwenye maelezo ya akaunti ya Instagram na kwenye ujumbe wa salamu wa WhatsApp Business, ule unaojituma wenyewe mteja anapoandika kwa mara ya kwanza.

Sentensi ya seva za nje haikuingia kwa bahati. Sheria ina sehemu nzima kuhusu kusafirisha taarifa nje ya nchi, ikitofautisha nchi zenye ulinzi wa kutosha na zisizo nao, na kanuni za 2023 zinaweka utaratibu wa kuomba kibali cha Tume. Duka linalotumia Google, Meta (yenye Instagram na WhatsApp) na seva ya kukodi Ulaya limo humo tayari. Liulize Tume wakati wa kujisajili, kwa maandishi, ukitaja huduma unazotumia kwa majina.

Kuhusu muda wa kutunza, usiandike "kwa muda unaohitajika". Maneno hayo hayamwambii mteja kitu, na yanakupa wewe kisingizio cha kutofuta. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka nyaraka za kodi zitunzwe miaka 5, kwa hiyo risiti na kumbukumbu za mauzo zina jibu lake. Mazungumzo ya kupatana bei hayana sababu hiyo. Miezi mitatu baada ya oda kufika inatosha kwa malalamiko ya bidhaa. WhatsApp ina mpangilio wa ujumbe unaopotea wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90. Uwashe wa siku 90 kwenye mazungumzo mapya ya wateja, mradi oda yenyewe umeihamishia kwenye jedwali.

Mteja akiandika ACHA, kuna kosa moja la watu wema: wanafuta namba yake kila mahali, kisha mwezi ujao anaagiza mwenzake kwa namba ileile, inaingia tena kwenye orodha, matangazo yanarudi. Tunza orodha fupi ya namba zisizotumiwa matangazo, yenye namba tupu bila jina, na uipitie kabla ya kila tangazo. Na mtu kununua mara moja hakumaanishi amekubali kuandikiwa kila Ijumaa. Ridhaa ya matangazo iombwe peke yake, ijibiwe peke yake, na jibu litunzwe pamoja na tarehe.

Ombi la kuona taarifa lina mtego wake. Mtu anaandika kwa namba ngeni: "Mimi mume wa fulani, naomba kujua ule mzigo wa baibui ulipelekwa wapi." Huenda ni mume kweli. Huenda mke amehama nyumba kwa sababu anazozijua mwenyewe, na anwani hiyo ndiyo kitu pekee kinachomlinda. Jibu ni moja kwa wote, bila kuthibitisha hata kama fulani ni mteja: "Samahani kaka, taarifa za mteja tunampa mteja mwenyewe, kwa namba aliyoagizia." Kila anayeshika simu ya duka aifahamu sentensi hii kwa moyo, hata kijana wa likizo. Kutoa taarifa za mtu isivyo halali ndilo kosa lenye adhabu nzito zaidi kwenye sheria hii: kwa mtu binafsi faini kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote; kwa kampuni ni kati ya milioni 1 na bilioni 5. Na mwenye namba iliyoagizia akiomba, usimdai picha ya kitambulisho cha NIDA ili kumthibitisha. Muulize tarehe na bidhaa ya oda yake ya mwisho. Ukidai kitambulisho umejiongezea taarifa nyingine ya kulinda.

Wenye tovuti wana kituo kimoja cha ziada, nacho hakionekani kwa macho. Fungua tovuti yako kwenye dirisha la faragha la kompyuta, bonyeza F12, nenda kwenye sehemu inayoonyesha kuki, yaani vifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kifaa cha mgeni ili kumtambua, kabla hujabofya chochote. Ukikuta kuki za Meta au Google zimeshawekwa wakati bango la "kubali" bado liko mbele yako, bango hilo ni pambo. Chanzo huwa ni fundi aliyebandika pikseli ya matangazo, kipande cha msimbo kinachofuatilia wageni wa tovuti, moja kwa moja kwenye kichwa cha ukurasa, nje ya udhibiti wa bango. Mwambie aihamishe ili isubiri kibali. Na kama hujawahi kulipia tangazo la Facebook, iondoe tu. Kwenye WordPress, tangu toleo la 4.9.6 la Mei 2018, kuna zana za kutoa na kufuta taarifa za mtu kwa barua pepe yake, na WooCommerce, programu ya duka inayoongezwa humo, ina mahali pa kupanga oda zilizoghairiwa zifutwe baada ya muda gani. Fomu za mawasiliano ndizo zinazosahaulika: nyingi hutunza kila ujumbe kwenye hifadhidata bila kikomo, hata baada ya wewe kuufuta kwenye barua pepe.

Nyumba za wageni za Pangani na Raskazone huuliza kuhusu kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi (GDPR), iliyoanza kutumika 25 Mei 2018. Mjerumani mmoja kulala kwako hakukuingizi humo. Kinachokuingiza ni kuwalenga watu walioko huko: kurasa za Kijerumani, bei kwa euro, tangazo lililolipiwa lionekane Ulaya. Ukiwa umelenga hivyo, ombi la mgeni lijibiwe ndani ya mwezi mmoja, na uvujaji wenye hatari kwa watu uripotiwe kwa mamlaka yao ndani ya saa 72.

Usajili kwenye Tume unafanyika mtandaoni na cheti chake hudumu miaka 5. Mwisho wa kujisajili uliwekwa 31 Desemba 2024, ukasogezwa hadi 30 Aprili 2025, na kule kusogezwa kuliwapa wengi dhana kwamba jambo lenyewe ni la hiari. Sivyo. Ukiwa na ile karatasi ya safari ya oda, fomu inajazika kwa mchana mmoja, maana inauliza mambo yaleyale. Teua na afisa wa ulinzi wa taarifa. Kwenye duka la watu watatu anaweza kuwa yule anayetunza daftari, mradi aandikiwe jukumu hilo na awe na nguvu ya kumwambia mwenye duka hapana.

Imebaki siku simu ya duka inapoibiwa. Kabla ya siku hiyo: washa uthibitisho wa hatua mbili wa WhatsApp wenye tarakimu 6, washa usimbaji wa nakala rudufu, unaoifunga nakala ya mazungumzo isisomeke na mwingine na ambao haujiwashi wenyewe, na pitia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Hapo kwenye vifaa ndipo hukutwa kompyuta ya mfanyakazi aliyeondoka, ikiendelea kupokea kila oda.

Siku yenyewe mpangilio ni huu. Funga laini kwa mtandao wako kwanza, kwa sababu laini ndiyo inayobeba pesa na namba za uthibitisho. Kwa kompyuta, tafuta na ufute simu kupitia akaunti ya Google, badilisha nywila, ondoa vifaa vyote. Rudisha laini, sajili WhatsApp kwenye simu nyingine, ile ya zamani itatoka. Ripoti polisi. Kisha andika ukiwa bado unakumbuka: saa ngapi, kulikuwa na taarifa za watu wangapi, za aina gani, skrini ilikuwa na kufuli au haikuwa. Maelezo hayo ndiyo utakayoipa Tume bila kuchelewa.

Wateja waandikie siku hiyohiyo, kwa maneno yanayowasaidia kujikinga: "Simu ya duka imeibiwa leo saa 4 asubuhi. Ilikuwa na jina lako, namba yako na oda zako. Mtu akikupigia akitaja oda yako na kukwambia utume pesa kwa namba nyingine, si sisi. Lipa namba yetu haijabadilika." Wauzaji huogopa kwamba ujumbe huu utawakimbiza wateja. Lakini "ile pesa tuma kwa namba hii" kila mtu anaifahamu, na anayetapeliwa kwa oda aliyoiweka kwako atajua ilitoka kwako.

Ujumbe huo uandikwe leo, uchapwe pamoja na namba ya huduma ya mtandao wa simu na hatua zilizotajwa, na karatasi ibandikwe ndani ya mlango wa kabati dukani. Ukiuhifadhi kwenye simu, utaondoka na mwizi.